Kiuavijasumu Kinapopewa Kazi ya Kutuliza Mwako wa Mapafu

Wagonjwa wengi wenye maradhi ya muda mrefu ya mapafu hurudi kliniki wakiwa na swali linalofanana. Wameandikiwa azithromaisini, lakini si ile dozi ya siku tatu waliyoizoea. Wameambiwa wameze kidonge kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa miezi sita au hata mwaka mzima. Nao wamefundishwa, tena kwa haki, kwamba viuavijasumu, au antibiotiki kama wengi tunavyoziita, humezwa kwa siku zilizoandikwa kisha huachwa. Je, cheti kimeandikwa vibaya? Wahudumu wa afya huuliza jambo hilohilo kwa njia nyingine: makohozi yameoteshwa maabara, bakteria aliyeonekana ni sugu kwa dawa hii, kwa nini basi mgonjwa aendelee kuimeza?

Jibu ni kwamba katika hali hii dawa haikuandikwa kwa ajili ya kuua bakteria. Imeandikwa kwa ajili ya kutuliza mwako. Hizo ni kazi mbili tofauti za dawa moja, na asiyezitenganisha atafanya mojawapo ya makosa mawili: atamnyima dawa mgonjwa anayeihitaji kweli, au ataigawa kwa kila anayekohoa.

Mwako ninaouzungumzia ni ile hali ambayo tishu iliyoumia au kuvamiwa huwa nyekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Kwenye jipu la mguuni tunauona kwa macho. Ndani ya mapafu haujionyeshi, ila dalili zake zinafahamika: makohozi mengi, mazito, ya rangi ya njano au kijani, kifua kubana, pumzi kuwa fupi. Ile rangi ya kijani, ambayo watu wengi huamini ni rangi ya bakteria, kwa sehemu kubwa inatokana na chembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili, zinazokuja kwa mamilioni kupambana na adui.

Neutrofili ni askari wema wenye silaha mbaya. Hubeba vimeng'enya vya kuyeyusha protini za bakteria, lakini vimeng'enya hivyo havichagui. Vikimwagika kwa wingi huyeyusha pia kuta za njia za hewa. Mtu mwenye mapafu mazima akipata nimonia, askari hawa huja, humaliza kazi na kuondoka. Katika mapafu yaliyokwisha kuharibika, hawaondoki. Tumfikirie mgonjwa tunayemwona mara nyingi katika ukanda wetu: mama aliyemaliza dawa za kifua kikuu miaka kadhaa iliyopita, akapimwa na kuambiwa amepona, lakini akabaki na kikohozi cha kila asubuhi. Sehemu ya njia zake za hewa imetanuka na kulegea, hali iitwayo bronkiektasia. Makohozi hutuama humo kama maji kwenye mtaro ulioziba. Bakteria huota katika makohozi yaliyotuama, neutrofili huitwa, vimeng'enya humwagika, ukuta wa njia ya hewa huzidi kulegea, na makohozi huzidi kutuama. Mara tatu au nne kwa mwaka mzunguko huo hulipuka: homa, makohozi mengi kuliko kawaida, pengine yenye damu, na kulazwa hospitalini. Kila mlipuko humwacha na mapafu dhaifu kuliko ulivyoyakuta.

Tukimpa kiuavijasumu kila unapotokea mlipuko, tunazima moto uliokwisha kuwaka. Swali ambalo watafiti walijiuliza ni kama inawezekana kupunguza kuni.

Jibu la kwanza lilitoka Japani. Huko kuna ugonjwa uitwao panbronkiolaitisi, unaoshambulia vijia vidogo kabisa vya hewa katika mapafu yote mawili. Madaktari wa Kijapani waliutambua kama ugonjwa wa peke yake katika miaka ya 1960, na kwa muda mrefu ulikuwa ugonjwa wa kuogopesha. Miongoni mwa waliogunduliwa kuwa nao katika miaka ya 1970, ni takriban asilimia 63 tu waliokuwa hai baada ya miaka mitano. Wengi mwishowe walivamiwa na bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, ambaye ni mgumu kumwondoa kwa dawa yoyote.

Katika miaka ya 1980 Shoji Kudoh na wenzake mjini Tokyo walianza kuwapa wagonjwa hao erithromaisini ya miligramu 400 hadi 600 kwa siku, dozi iliyo ndogo kuliko inayotumika kutibu maambukizi, na wakaiendeleza kwa miezi na miaka. Matokeo yaliwashangaza watu. Kwa wagonjwa waliogunduliwa kuanzia mwaka 1985, idadi ya waliokuwa hai baada ya miaka mitano ilipanda hadi takriban asilimia 91. Lakini kilichowafikirisha zaidi watafiti ni hiki: hata wagonjwa ambao makohozi yao yaliendelea kuwa na Pseudomonas walipata nafuu. Bakteria huyo hauawi na erithromaisini, achilia mbali kwa dozi ndogo kama ile. Dawa, basi, ilikuwa ikifanya jambo jingine kabisa.

Jambo hilo leo tunalijua kwa kiasi kizuri, ingawa si jambo moja. Erithromaisini na azithromaisini ni ndugu wa ukoo mmoja wa dawa uitwao makrolaidi. Dawa za ukoo huu hupunguza kemikali zinazotolewa na seli za njia ya hewa ili kuwaita neutrofili, hasa ile iitwayo interlukini-8; wito ukififia, askari wanaofika ni wachache. Hupunguza utengenezaji wa ute. Huzisaidia seli za usafi ziitwazo makrofaji kumeza mabaki ya neutrofili waliokufa kabla hayajapasuka na kumwaga vimeng'enya. Na kwa Pseudomonas, ambaye hawezi kuuawa nazo, hufanya kitu ambacho binafsi naona ndicho cha kuvutia kuliko vyote: huvuruga mawasiliano. Bakteria hao hupeana habari kwa kemikali, na wakishajua kwamba wamefika idadi ya kutosha, hujenga utando mzito wa kujikinga na kuanza kutoa sumu. Makrolaidi huingilia mazungumzo hayo. Bakteria anabaki hai, lakini ni kama mtu katika mkutano ambao kipaza sauti kimekatika.

Azithromaisini ina sifa nyingine inayoifaa kazi hii. Haikai sana kwenye damu. Hujikusanya ndani ya seli, zikiwemo chembe nyeupe, kisha hutoka polepole. Nusu ya dawa huchukua karibu siku tatu kutoka mwilini. Ndiyo maana kumeza mara tatu kwa wiki kunatosha, na mgonjwa asidhani kwamba amepunjwa dozi. Erithromaisini humezwa kila siku na husumbua tumbo zaidi, kwa sababu huiga homoni inayoamrisha tumbo na utumbo kusukuma chakula. Wenzetu wa vyumba vya uangalizi mahututi huitumia kwa makusudi ili kuliamsha tumbo la mgonjwa lililogoma kusukuma chakula.

Baada ya Japani, ilibidi kuthibitisha kama faida hiyo ipo katika maradhi mengine. Kwa bronkiektasia ushahidi ni mzuri. Utafiti uliofanyika New Zealand na kuchapishwa mwaka 2012 uliwagawa wagonjwa 141 kwa bahati nasibu: wengine walipewa azithromaisini ya miligramu 500 mara tatu kwa wiki kwa miezi sita, wengine kidonge kinachofanana nacho kisicho na dawa. Katika miezi hiyo, milipuko ilikuwa wastani wa 0.59 kwa kila mgonjwa aliyetumia dawa, na 1.57 kwa wale wengine. Tafiti za Uholanzi na Australia zilizofuata mwaka 2013 zilielekea upande huohuo.

Kwa ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao kwetu husababishwa na sigara na pia na moshi wa kuni na mkaa, utafiti mkubwa zaidi ulifanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2011. Watu 1,142 waligawanywa kwa njia hiyohiyo, safari hii kwa miligramu 250 kila siku kwa mwaka mmoja. Siku za kukaa salama kabla ya mlipuko wa kwanza zilikuwa 266 kwa kipimo cha kati kwa waliopata dawa, na 174 kwa wasioipata. Idadi ya milipuko kwa mwaka ilishuka kutoka 1.83 hadi 1.48. Hiyo ni faida ya kweli, lakini si muujiza. Uchambuzi wa baadaye wa takwimu zilezile ulionyesha kwamba waliokuwa bado wanavuta sigara hawakuambulia faida ya maana. Mgonjwa anayeniomba dawa hii huku pakiti ya sigara imechungulia mfukoni namwambia hivyo waziwazi.

Kwa pumu kali isiyotulia licha ya dawa za kuvuta, utafiti wa Australia wa mwaka 2017 wenye watu wazima 420 ulionyesha milipuko kupungua kutoka 1.86 hadi 1.07 kwa mwaka. Hapa nasisitiza maneno "licha ya dawa za kuvuta". Katika zahanati zetu wengi wanaohesabiwa kuwa na pumu isiyosikia dawa ni watu ambao hawajawahi kupata steroidi ya kuvuta hata siku moja, au wanayo lakini hawajaonyeshwa namna ya kuivuta. Hao hawahitaji kiuavijasumu.

Utafiti unaotugusa kwa karibu zaidi ni ule uliofanyika Harare na Blantyre. Watoto waliozaliwa na virusi vya UKIMWI, wakafika umri wa shule na ujana, wengi wao wana ugonjwa sugu wa mapafu hata wanapotumia dawa za kufubaza virusi. Hukohoa, huchoka wakikimbia na wenzao, na mara nyingi hutibiwa kifua kikuu ambacho hawana. Watoto na vijana 347 wa umri wa miaka 6 hadi 19 walipewa azithromaisini mara moja kwa wiki, au kidonge kisicho na dawa, kwa wiki 48. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Nguvu ya mapafu ikipimwa kwa spirometa haikuongezeka. Lakini hatari ya kupata mlipuko ilipungua kwa nusu. Ni matokeo ya kusomwa kwa uangalifu: njia ya hewa iliyokwisha kuwa kovu hairudi kuwa laini kwa kidonge, kinachowezekana ni kuilinda ile iliyobaki. Mzazi anayeambiwa mapema kwamba mwanawe hatapata pumzi mpya bali atalazwa mara chache zaidi, hatakata tamaa na kuacha dawa katikati.

Sasa nigeukie upande wa pili, ambao ndio unaonifanya niwe mgumu kuandika dawa hii.

Katika utafiti ule wa Marekani, kupungua kwa uwezo wa kusikia kulionekana kwa asilimia 25 ya waliotumia dawa, dhidi ya asilimia 20 ya wasioitumia. Tofauti ni ndogo, lakini sikio la mtu ni la mtu. Mgonjwa akianza kusikia mlio masikioni, au watu wa nyumbani wakalalamika kwamba anaongeza sauti ya redio, asimame na aje kliniki. Mara nyingi, kama hakuchelewa, usikivu hurejea.

Moyo nao unahitaji kuangaliwa. Makrolaidi huweza kurefusha kile kipindi kwenye kipimo cha umeme wa moyo kinachoitwa QT, na kikirefuka sana mapigo huweza kuvurugika ghafla. Kwa hiyo kipimo hicho hufanywa kabla ya kuanza na hurudiwa baada ya mwezi mmoja. Mwongozo wa chama cha madaktari wa mapafu wa Uingereza wa mwaka 2020 unaelekeza kutoanza dawa iwapo kipindi hicho, baada ya kurekebishwa kwa kasi ya mapigo, kimezidi milisekunde 450 kwa mwanamume au 470 kwa mwanamke. Pamoja na kipimo, tuulize dawa nyingine. Katika mazingira yetu orodha ya dawa zinazogusa QT ni ndefu kuliko tunavyodhani: kwinini, bedakwilini ya kifua kikuu sugu, lumefantrini iliyomo kwenye dawa mseto ya malaria, siprofloksasini na ndugu zake, haloperidoli. Erithromaisini ina hatari yake ya ziada: hulizuia ini kuvunja aminofilini, dawa ambayo bado wagonjwa wengi wa kifua huimeza, na mgonjwa anayezichanganya huweza kupata kichefuchefu, mapigo ya kasi, hata degedege. Ini lenyewe lipimwe kabla ya kuanza na baada ya mwezi mmoja.

Kisha kuna jambo ambalo kwa nchi kama zetu naliweka mbele ya yote. Kabla ya kidonge cha kwanza, makohozi lazima yachunguzwe. Kwanza kwa ajili ya kifua kikuu. Azithromaisini haiponyi kifua kikuu, lakini inaweza kupoza kikohozi kwa muda kwa kuondoa bakteria wengine au kutuliza mwako, na mgonjwa akakaa nyumbani wiki kadhaa akiambukiza familia. Pili kwa ajili ya wale binamu wa kifua kikuu ambao hawapatikani kwa kuambukizwa nyumbani bali hutoka kwenye maji na udongo. Makrolaidi ndiyo nguzo ya matibabu ya wengi wao, ikichanganywa na dawa nyingine. Ukiwapa makrolaidi peke yake kwa mwaka mmoja, unawafundisha usugu, na baadaye hakuna mbadala mzuri. Kipimo cha GeneXpert hakiwaoni; inatakiwa kuotesha makohozi, jambo ambalo maabara chache hulifanya. Hapa ndipo rufaa inapokuwa na maana. Mganga wa zahanati asione haya kumpeleka mgonjwa mbele kwa ajili ya kipimo kimoja tu.

Usugu haubaki kwa bakteria hao pekee. Katika utafiti wa Marekani, miongoni mwa waliopata bakteria wapya puani na kooni wakati wa utafiti, asilimia 81 ya waliokuwa wakitumia azithromaisini walibeba bakteria sugu kwa makrolaidi, dhidi ya asilimia 41 ya wasioitumia. Shirika la Afya Duniani limeiweka azithromaisini katika kundi la viuavijasumu vinavyohitaji uangalizi maalumu. Nasi tunayo sababu yetu wenyewe ya kuitunza: ndiyo dawa inayogawiwa vijijini kwa wingi dhidi ya trakoma, na wazee wa Kongwa na maeneo mengine ya Dodoma wanaijua kama dawa ya macho. Tukiichakaza kwa kila mafua, tutakuja kuihitaji kwa macho ya watoto na kuikuta butu.

Ndiyo maana nasema wazi kwamba vile vidonge vitatu vinavyonunuliwa duka la dawa kila kifua kinapobana si tiba ninayoieleza katika makala haya. Siku tatu hazitulizi mwako wa miaka kumi. Huondoa bakteria dhaifu, huacha wagumu, na mgonjwa akija kwetu baadaye hawezi kukumbuka amemeza mara ngapi.

Nani basi anafaa? Kwa mgonjwa wa bronkiektasia, aliyepata milipuko mitatu au zaidi ndani ya mwaka mmoja. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, masharti ni makali zaidi: awe ameacha sigara, anatumia dawa za kuvuta sawasawa, na bado amepata milipuko ya mara kwa mara iliyohitaji steroidi, angalau mmoja ukiwa wa kulazwa. Wote wawe wamefundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia namna ya kutoa makohozi, na wawe wanafanya hivyo kila siku. Kazi hii ya kutoa makohozi hudharauliwa kwa kuwa haina kidonge, lakini ndiyo inayozibua mtaro. Familia inayopikia ndani ijitahidi kuhamishia jiko nje au kufungua njia ya moshi. Mara nyingi, mambo haya yakishatimizwa, mgonjwa huhesabu mwaka mwingine na kukuta milipuko imeshuka hadi mmoja; hapo mjadala wa azithromaisini unakuwa umekwisha wenyewe.

Kwa anayeanza, faida haionekani wiki ya kwanza. Tunahesabu miezi sita hadi kumi na miwili, na kipimo cha mafanikio ni idadi ya milipuko, si rangi ya makohozi ya asubuhi moja. Kwa hiyo tunamwomba mgonjwa awe na daftari dogo: aandike tarehe kila alipougua zaidi ya kawaida, alipolazwa, na kila kiuavijasumu kingine alichopewa mahali popote. Akipata mlipuko katikati ya tiba, atatibiwa kwa kiuavijasumu cha ukoo mwingine, na atakayemtibu lazima ajue kwamba makrolaidi tayari imo mwilini. Muda ukitimia tunafungua daftari pamoja. Milipuko ikiwa ni ileile, dawa inasimama siku hiyo. Ikiwa imepungua, tunajadili kupumzika, hasa katika majira ambayo kifua chake humsumbua kidogo, kisha tunaendelea kuhesabu ili kuona kama itarudi.